Mimi Si Sufuria ya Kuazima

Ninyi vijana mnaopikia karamu siku hizi, mnaokuja kukaa barazani kwangu hapa Ujiji mkiniuliza pilau ya watu wengi inapikwaje, kaeni vizuri. Pilau nitawaambia. Lakini kwanza nataka niwaambie nilivyoacha kazi Kigali, maana kila mara anatokea mmoja wenu ananiuliza, "Bibi, eti kule ulitoroka?" Sikutoroka. Nani kawaambia nilitoroka? Mtu kamaliza kazi aliyoahidi, kakabidhi, kaaga mchana kweupe mbele ya watu, huyo ndiye ametoroka? Nimezeeka, magoti hayanitii, lakini neno hilo likinifika sikioni damu bado inapanda.

Nilikwenda Kigali mwanzoni mwa mwaka tisini, vita haijaanza. Aliyenichukua ni Hajati Mariamu. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa Muhima, na nyumba yao ilikuwa Biryogo, mtaa wa Waislamu, ambako Kiswahili kinasikika kila kona. Hajati alikuja Ujiji kwenye harusi ya jamaa zake, akala pilau yangu, akanawa mikono, akaenda kuzungumza na kaka yangu Hamisi.

"Nipe huyu dada yako miaka mitatu. Akanifundishie wanawake kupika. Nitamrudisha mwenyewe mikononi mwako."

Nami nimesimama hapohapo! Mwiko mkononi, mjane wa miaka arobaini na ushee, watoto wangu wote wameshajitegemea. Hamisi akajibu, "Hajati, mchukue, bora umtunze." Wakapeana mikono juu ya kichwa changu. Nilikwenda kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka kwenda, lakini hakuna aliyeniuliza, na mngejua jinsi jambo hilo lilivyokuja kunisumbua baadaye, msingecheka kama mnavyocheka sasa.

Darasa lenyewe lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba ya Hajati. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini kule niliitwa Mwalimu, na sikubishana nao. Wanafunzi walikuwa wake za watu, wajane, na wasichana waliokuwa wakingoja kuolewa. Wengine Waislamu, wengine Wakristo. Kwao chakula kilikuwa maharage, viazi na ndizi, navyo walivipika vizuri kuliko mimi. Mchele waliuogopa. Waliutazama kama mgeni asiyejulikana anakula nini.

Kitunguu ndicho kilichonimalizia mwaka wa kwanza. Esperansi, msichana mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa kila akitia kitunguu kwenye mafuta anafunika. Namwambia, "Esperansi, ukifunika kinatoa maji, kinachemka, hakikaangiki! Rangi ya pilau inatoka hapo, haitoki kwenye bizari." Anasema, "Ndiyo Mwalimu." Nikigeuka, kifuniko kipo. Siku moja nilikichukua kile kifuniko nikakikalia mpaka adhuhuri. Mukamusoni yeye alikoroga. Akishaweka mchele anaukoroga kama anasonga ugali, na mchele mwishowe unakuwa ugali kweli. Ninyi nanyi msiwacheke wenzenu. Nimewaona mnavyotupia vile vidonge vya mchuzi vya dukani, halafu mnafunika karatasi ya bati juu kwa kuwa mmeshindwa kupalia makaa. Makaa juu ya kifuniko yanaukausha mchele kutoka juu wakati jivu la chini linautuliza moto. Karatasi yako inafanya nini? Inang'aa tu.

Na chumvi. Hili nilifundishwa na Mama Mwamvua, aliyenilea jikoni hapa Ujiji, mwanamke mfupi aliyekuwa akionja kwa kidole cha mwisho peke yake. Aliniambia supu uionje kabla mchele haujaingia, na iwe kali kidogo, ikukere ulimini, kwa sababu mchele utainywa ile chumvi. Ikikupendeza kabla ya mchele, umekwisha, umepika chakula cha wagonjwa.

Mwanafunzi aliyelishika hili kuliko wote ni Dativa. Mjane, umri kama wangu, mwembamba, mdomo mkali. Alikuja siku ya kwanza akaniambia kwa Kiswahili chao, "Mwalimu, mimi siko mtoto. Usinipige mwiko kwa mkono. Niambie tu." Nikamwambia, "Na wewe usinijibu mbele ya hawa wadogo." Akasema, "Hapo tutaona." Mpaka leo sijapata mtu wa kugombana naye vizuri kama Dativa.

Sasa, miaka mitatu ikaisha. Vita ilikuwa imeshaanza kule kaskazini, njiani kuna bariyeri, vizuizi vya askari, watu Kigali wanazungumza kwa kuangalia nyuma. Mfungo wa Ramadhani ulipokaribia kwisha nikamwendea Hajati nikamwambia, mkataba wetu umetimia, baada ya Idi naondoka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Lori la mzee linakwenda Tanzania wiki ya pili baada ya Idi. Utakaa mbele. Bibi Sifa atakusindikiza akukabidhi kwa Hamisi."

Nikamwambia, "Hajati, sirudi njia hiyo. Nataka kupita Cyangugu, nione ziwa lao lile la Kivu, pale mto Rusizi unapotokea. Halafu nitavuka mpaka Bujumbura, nipande meli nishuke Kigoma."

Akanitazama kama nimemwambia nataka kuolewa na askari wa bariyeri.

"Kuna nani Cyangugu?"

"Hakuna."

"Sasa unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nakwenda kuona. Maji ya ziwa letu sisi watu wa Ujiji, mengine yanatoka kule juu. Nimeyateka tangu mtoto. Nataka kuona yanapotoka."

"Bi Tatu," akasema taratibu, kama anasema na mgonjwa, "maji? Kwenu hakuna maji?"

Na si yeye peke yake. Mtaa mzima ulinigeukia. Muuza mkaa akaniuliza kama nina mchumba Cyangugu. Bibi Sifa, yule wa kunisindikiza, bibi mwenye kisukari asiyetoka hata kwenda sokoni, alikuja kulia mbele yangu kwamba namwaibisha. Kwani nilikuwa nimefanya nini? Mwanamke akisafiri kwenda msibani, sawa. Harusini, sawa. Kuuguza, sawa kabisa, hata usiku wa manane atatafutiwa gari. Lakini akisema nakwenda kuona kitu kwa macho yangu, basi ana wazimu au ana mwanamume. Nilikuwa nikiwaona wazungu pale Kigali na mashanta mgongoni, wasichana wadogo, miguu mitupu, wanakwenda kutazama nyani msituni. Hakuna aliyewauliza wanakwenda kwa nani. Walipewa maji ya kunywa na kuonyeshwa njia.

Nikamwambia Hajati, "Mimi ni mtu mzima."

Akasema, na hili nalikumbuka kama lilivyotoka, "Tulikuazima, Bi Tatu. Kitu cha kuazima kinarudishwa kilikotoka."

Mnajua masufuria makubwa ya karamu. Hakuna nyumba inayonunua lake. Yanaazimwa msikitini au kwa jirani, na kurudisha ni heshima. Unalisugua kwa mchanga mpaka ling'ae, unatia kitu ndani, sukari au mchele, maana halirudi tupu. Basi ndivyo nilivyokuwa nikitayarishwa. Wakaniletea blanketi, chupa ya chai, vitenge, sabuni. Wakanisugua, wakanijaza. Na mkoba wangu wenye pasi ya kusafiria, Hajati akauchukua chumbani kwangu nikiwa msalani, akaufungia kabatini kwake. "Usije ukapotea," akasema. Hakunificha, aliniambia usoni, ufunguo unaning'inia shingoni kwake. Aliona anafanya wema! Hilo ndilo lililonichoma. Mwizi ungempigia kelele, watu wakaja. Huyu ungempigia kelele gani?

Nilimweleza Dativa tukiwa tunachambua mchele. Hakunipa pole. Akasema, "Na wewe umekaa tu?"

"Nifanye nini? Nivunje kabati?"

"Oya, hapana. Kabati ni ya watu." Akaendelea kuchambua. "Karamu iko lini?"

Karamu ilikuwa ya Hajati mwenyewe, anamwoza mwanawe wa mwisho, wiki ya pili baada ya Idi. Alitaka siku hiyohiyo nikabidhi mwiko, mbele ya wanawake wote wa mtaa, ili wajue ni yeye aliyeleta upishi huu Biryogo. Alikuwa ameshonesha gauni kwa ajili hiyo. Kesho yake lori.

Sasa sikilizeni desturi ya kukabidhi mwiko, kwa sababu naona siku hizi mnapiga picha tu na keki. Mama Mwamvua alinikabidhi hivi. Mwalimu anapika mpaka supu inachemka. Anaionja chumvi mara ya mwisho. Halafu anampa mwanafunzi mwiko, anavua kanga ya jikoni, anatoka kwenye mafiga. Kuanzia hapo sufuria ina mwenyewe mwingine. Mwalimu haongei, haelekezi, hata moto ukizima. Na haruhusiwi kuwepo kifuniko kinapofunuliwa, kwa sababu akiwepo, sifa itakwenda kwake na lawama itakwenda kwa mwanafunzi. Anaondoka uwanjani. Nilikuwa nimewafundisha wote, na Hajati alikuwa akikaa pale na tasbihi yake akisikia.

Siku ya karamu ikafika. Masufuria matatu, kuni zimekolea, kitunguu kimetoka rangi ya kahawa iliyokaangwa, nyama imeiva, supu inaruka. Nikaonja. Ikanikera ulimini vizuri. Wanawake wamejaa, vigelegele, Hajati amesimama na gauni lake. Nikamwita Dativa nikampa mwiko, ule mkubwa kama kasia. Nikavua kanga. Wakashangilia.

Dativa akaushika mwiko akausimamisha chini kama fimbo.

"Mchele," mtu akasema.

"Mchele haiingii," akasema Dativa.

Wakadhani anatania. Esperansi akacheka. Kisha Esperansi akaacha beseni la mchele chini na kukaa juu ya kinu. Mukamusoni akakaa. Mmoja mmoja, wote wakakaa, na ndipo nilipojua walikuwa wamesemezana bila mimi.

Hajati akasogea. "Kuna nini hapa? Wanaume wamekwisha kutoka msikitini."

"Hajati, mama," Dativa akasema kwa adabu kabisa, "leo mimi ndiyo mpishi. Mchele haiingii kwa maji mpaka mkoba ya Mwalimu ikuje. Akiupata, naweka."

"Yebaba we!" mwanamke mmoja akasema nyuma.

Hajati alinigeukia mimi. "Bi Tatu, waambie waweke mchele."

Nikamwambia, "Hajati, sufuria si yangu tena."

"Nakuambia waambie!"

"Umesikia mwenyewe nikifundisha. Nimeshavua kanga. Nikisema neno sasa nimevunja ulichowaalika watu waje kukiona."

Supu inachemka, inapungua, na kila inavyopungua chumvi inapanda. Nilikuwa naiona inashuka pembeni mwa sufuria na siwezi kusema. Dativa naye aliiona. Akainama, akazivuta kuni nje za sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila haraka, kisha akasimama tena na mwiko wake.

"Mnaniaibisha siku ya harusi ya mwanangu," Hajati akasema, na sauti ikavunjika. "Mimi niliahidi. Nilimpa kaka yake mkono wangu. Akipatwa na jambo njiani, vita hii, wataniuliza mimi! Mimi!"

Hapo, wajukuu zangu, nilimwelewa. Alikuwa anaogopa, na woga wake haukuwa wa uongo. Lakini hasira yangu haikushuka hata kidogo, na haijashuka. Kwa sababu aliahidi kwa nani? Kwa Hamisi. Hatari ni yangu, mwili ni wangu, na ahadi imepewa mtu aliyelala Ujiji na tumbo lake!

"Basi ungenipa mimi huo mkono," nikamwambia.

Kutoka upande wa wanaume tukasikia mtu anauliza chakula vipi. Hajati akaivua ile kamba ya ufunguo shingoni, ikanasa kwenye mtandio, akaichomoa kwa nguvu. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe. Akarudi na mkoba akanitupia miguuni, na pasi yangu ikadondokea kwenye maganda ya vitunguu.

"Nenda kaone maji," akasema.

Dativa hakunitazama. Alikuwa ameshainama anarudisha kuni. "Kwenda, Mwalimu," akasema. "Unakaa hapa unafanya nini? Sufuria yako?"

Nikatoka. Blanketi na chupa ya chai niliviacha. Nyuma nikasikia mchele unaingia, ule mshindo wake, na Dativa anamfokea Mukamusoni asikoroge.

Ile pilau sikuionja. Aliongeza maji au hakuongeza? Sijui. Mwaka uliofuata nchi ile ilipatwa na yale mnayoyajua, mauaji yale, na watu walipoanza kufika huku kwetu nilikwenda kila mahali walipofikia, nikauliza majina. Majina yote ya wanafunzi wangu ninayo, mpaka leo naweza kuyasema kwa mpangilio wa walivyokuwa wakikaa bandani. Wengine niliwapata. Wengine sikuwapata. Hapa nimetaja watatu niliokuja kupata habari zao wakiwa hai, Dativa mmojawao. Waliobaki siwataji, kwa sababu sitaki mtu akutane na jina la dada yake katikati ya maneno ya kitunguu. Hao ni watu wa kuandikiwa peke yao, na mwenye elimu kunishinda afanye hivyo kabla sijafa, mimi nitamtajia majina.

Basi, kesho yake ya ile karamu, alfajiri, nikapanda gari Nyabugogo, kituo cha magari pale Kigali. Bariyeri ya kwanza, askari akaichukua pasi yangu, akaipindua. "Mutanzania. Unakwenda Cyangugu kwa nani?" Tena! Nikamwambia, "Kwa macho yangu." Hakucheka. Akanirudishia, kwa sababu pasi yangu haikuwa na lile neno walilokuwa wanalitafuta kwenye vitambulisho vya wenyeji, lile la kabila. Wawili walishushwa kwenye gari letu kwa neno hilo, mwanamume na binti yake, na dereva akaondoa gari huku tukiwaangalia wamesimama kando ya barabara. Hakuna aliyesema kitu. Mimi niliyekuwa na mdomo uwanjani kwa Hajati nami sikusema kitu. Msifikiri safari hii ilikuwa ya kushangilia tu.

Tulipita msitu mrefu wenye baridi, tukashuka, na jioni ziwa likaonekana. Asubuhi nilikwenda mpaka daraja la Rusizi nikayatazama maji yakitoka ziwani na kuingia mtoni, yanakwenda kwetu. Nilikaa mpaka jua likawa kali. Mtu mmoja anayefua nguo akaniuliza kama nimepotelewa na mtu majini. Nikamwambia sijapotelewa.

Nilipopanga kulikuwa kwa Mama Konsolata, mama mnene mwenye vyumba vinne na jiko la nje. Mchana ule akaniuliza kazi yangu Kigali ilikuwa nini. Nikamwambia nilikuwa mwalimu wa wapishi. Macho yakamtoka.

"Mungu amekuleta! Jumamosi namwoza binti yangu. Utanipikia."

"Hapana, Mama Konsolata."

"Utanielekeza tu. Ukae hapo, useme."

"Hapana. Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Natembea tu. Niletee chakula, leo na mimi niletewe."

Akaenda jikoni ananung'unika. Nikakaa kwenye kiti chake cha kamba, miguu nimeinyoosha, meza mbele yangu tupu. Baada ya muda ikaja harufu. Maharage yanashika chini. Nyinyi mnaijua harufu hiyo, ndiyo kwanza yanaanza, ukiwahi ukamimina kwenye chungu kingine bila kukwangua yanapona. Nilimsikia Mama Konsolata yuko kwa jirani, anaongea, ananisema mimi. Mikono yangu ikashika kiti. Nusu yangu ilikwisha simama.

Nikakaa. Yakaungua yote. Akaniletea na ndizi, nikala sahani nzima, na sikumwambia kitu.